Naomba ushauri: kuchelewa kukata kitovu kwa mtoto njiti asiyelia

Habari za kazi ndugu zangu wakunga na madaktari. Niko kituo cha afya cha wilayani, wodi ya wazazi, usiku mara nyingi tuko wawili tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1, hata kwa njiti. Na uchambuzi mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2023 ulionyesha kuwa kuchelewa kunapunguza vifo vya njiti kwa takriban theluthi moja. Kwa mtoto anayelia sina shida: namkausha, namlaza kifuani kwa mama, nawafunika na khanga kavu, nasubiri.

Shida ni yule wa mimba ya wiki 30 au 31 anayetoka amelegea. Nikimkausha na kumsugua mgongo asipovuta pumzi, anahitaji ambu (mfuko wa kubana kwa mkono wa kumpa pumzi) ndani ya dakika hiyohiyo, na meza yetu ya joto iko upande wa pili wa chumba. Nimejaribu kuweka ambu na barakoa ndogo kwenye troli kando ya kitanda, lakini kitovu kikiwa kifupi kichwa hakikai sawa na hewa inavuja. Kukamua kitovu, yaani kusukuma damu yake kwa vidole kuelekea kwa mtoto, sikutaki kwa wadogo sana, maana chini ya wiki 28 kumehusishwa na damu kuvuja kwenye ubongo.

Naomba kujua: mnaofanya kazi bila vifaa vikubwa, mnampa pumzi vipi kitovu kikiwa bado hakijakatwa, mtoto mnamlaza wapi? Na mama akianza kutoka damu nyingi, mnakata papo hapo?

Asanteni sana.