Wenye magari ya umeme Mwanza, tupeane uzoefu: yanafaa kwa mizunguko ya kila siku?

Nyegezi Kona
Wakuu habari. Jana Buzuruga nimekuta jamaa kazimikiwa na gari la umeme katikati ya barabara, daladala zinampigia honi. Na mimi ndiyo nataka kuagiza Nissan Leaf iliyotumika Japani. Natoka Nyegezi, mjini, Kirumba, narudi. Mlio nayo semeni ukweli.

Fundi Igoma
Kabla hujalipa dai picha ya dashibodi. Leaf mpya ina vijiti 12 vya afya ya betri. Betri yake inapozwa na hewa tu, joto linaimaliza. Vikibaki 8 achana nayo.

Mama Wawili
Umenikumbusha machungu. Aliyetuuzia la kwetu alituapia linakwenda kilomita 150. Tukaenda msibani Magu, tumejaa garini na mama mkwe, mgonjwa wa sukari. Kwenda salama. Kurudi giza limeingia, mvua, taa na waipa vinafanya kazi muda wote. Kabla ya Kisesa kikawaka kialama cha kobe, cha njano, gari likaanza kutambaa. Mara kimya. Vijana wa bodaboda wakaja na petroli kwenye chupa, nikawaambia jamani hili halinywi. Mwenye duka mmoja akatuonea huruma, tukamnunulia LUKU, tukapitisha waya dirishani. Ekstensheni nyembamba! Ikaanza kunuka, plagi imelainika kama mshumaa. Tukachomoa. Mama mkwe akapakizwa kwenye fuso la dagaa lililotoka Musoma, sisi tukalala mle mle.

Bwiru Juu
Pole sana dada. Mama alifika salama?

Mama Wawili
Alifika, Mungu mkubwa. Gari hilo hapandi tena.

Mtu wa Petroli
Ndiyo maana nasema hayo ni ya Ulaya. La mafuta likizima unamwaga lita mbili unaondoka.

Sengerema Damu
Acha kutisha watu. Mimi nina Leaf ya 2018, betri ya kilowati-saa 40. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 naingia mjini na kurudi bila kuchaji njiani. Elfu kumi ya LUKU ni uniti 28 hivi, na uniti moja inanipeleka kama kilomita 6. Wewe mafuta yako yanasafirishwa kutoka Dar, unalipia na huo mwendo.

Mtu wa Petroli
Umeme ukikatika usiku kucha asubuhi unapanda nini?

Sengerema Damu
Nachaji kila jioni, sisubiri liishe. Kukatika kwa usiku mmoja hakunizuii.

Bwiru Juu
Likizima mnavuta tu kwa kamba.

Fundi Igoma
Mkuu usipotoshe! Magurudumu ya mbele yakizunguka chini, mota inazunguka nayo, inaweza kuharibika. Linapakiwa juu ya lori. Na soketi ya kuchajia ivutiwe waya wake mnene kutoka kwenye mita, ekstensheni marufuku.

Mlima Bugando
Mteremko wa Bugando unarudisha chaji kidogo, mota ndiyo inashika mwendo, kwa hiyo breki zangu haziishi haraka. Nalipenda gari langu.

Mama Wawili
Nyegezi, kwako umepanga au umejenga? Sisi shida ilianzia hapo, LUKU moja wapangaji kibao, kila jioni maneno.

Nyegezi Kona
Nimepanga, LUKU tunachangia. Basi kesho naongea na mwenye nyumba nifungiwe mita yangu. Akikataa, siagizi.