Tupeane uzoefu: gemu za Telegram kugoma kwenye kompyuta

Majengo, Moshi: Wakuu wa Moshi na Arusha, wenye steshenari na mafundi, tuweke hapa dawa ya tatizo hili. Mteja anabonyeza gemu ndani ya Telegram ya kompyuta, linatokea dirisha jeupe au ujumbe unaodai WebView2. Naanza. Usihangaike kuifuta Telegram na kuiweka upya, haina kosa. Gemu hizo zinaonyeshwa na WebView2, kipande cha Microsoft kinachojitegemea, kwa hiyo Edge, kivinjari cha Microsoft, inaweza kuwepo na chenyewe kisiwepo. Fungua C:\Program Files (x86)\Microsoft\EdgeWebView\Application. Ukikuta folda yenye namba ya toleo, kipo. Kama hakuna, kishushe kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe.

Sakina, Arusha: Hapo kwenye kushusha ndipo bando linapoliwa. Lile faili dogo, Bootstrapper, lina kama MB 2, lakini ukilifungua linavuta zaidi ya MB 100, na litavuta tena kwa kila mashine. Chukua Standalone, yaani faili kamili, mara moja, iweke kwenye flashi, zunguka nayo. Hakikisha kwanza Windows ni x64 (biti 64) au x86 (biti 32). Halafu usibonyeze mara mbili tu: bonyeza kulia, chagua Run as administrator. Bila hivyo kinaweza kuingia kwenye akaunti hiyo moja tu, na kwenye kompyuta ya watu wengi mwenye akaunti nyingine atakuja kulalamika gemu imegoma.

Soweto, Moshi: Zile kompyuta used zenye Windows 7 na 8.1, WebView2 yake ya mwisho ni toleo 109, jipya zaidi halikubali. Windows 11 huja na kipande hicho. Kikikosekana, mara nyingi kuna mtu alipitisha skripti ya kuondoa Edge.

Ngarenaro, Arusha: Folda ipo na dirisha bado jeupe? Tazama tarehe, chini kulia. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi ikifa, mashine ikichomolewa umeme tarehe inarudi nyuma miaka, na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Badilisha betri, rekebisha saa.

Sakina, Arusha: Wanaotumia Ubuntu (Linux) badala ya Windows, andika kwenye Terminal: sudo apt install libwebkit2gtk-4.1-0, kisha funga Telegram kabisa, hadi ile ikoni karibu na saa.

Majengo, Moshi: Na tuache kuwawekea watu Flash, ile programu ya zamani ya gemu na video za kwenye tovuti, tafadhali. Adobe waliifunga 31 Desemba 2020. Faili la Flash linalozunguka leo ni mlango wa virusi.