Mafundi AC wa magari Dar, acheni kutuuzia gesi kila mwezi, tafuteni panapovuja!

Wakuu, leo simung'unyi maneno. Mafundi AC mliomo humu, someni mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Naendesha teksi mtandao hapa mjini, Toyota IST ya mkataba. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kila wiki, niwe nimepata abiria au sijapata. Joto la kuanzia Novemba mpaka Machi mnalijua. Saa nane mchana upo kwenye foleni ya Ubungo, vioo vimeshushwa, moshi wa malori unaingia ndani, abiria kalowa jasho na anaelekea kwenye usaili wa kazi. Mwingine anashuka hapo hapo. Mwingine anavumilia mpaka anafika, kisha anakupa nyota moja, na simlaumu, maana kalipia gari lenye AC. Wiki iliyopita nilimpakia mama mjamzito kutoka Mbagala, akawa anajipepea na kadi yake ya kliniki njia nzima. Niliumia sana, kwa sababu siku chache tu nyuma nilikuwa nimetoka kulipia hiyo AC.

Ugomvi wangu ni huu. Ukimpelekea fundi gari, hata boneti haijafunguliwa anakwambia, "Gesi imeisha, kaka." Anachomeka mipira yake, anafungulia mtungi, hewa inatoka ya baridi, unalipa, unaondoka umefurahi. Baada ya wiki chache joto limerudi. Unamrudia, naye hana hata chembe ya aibu: "Gesi imeisha tena."

Gesi inaishaje? Petroli inaisha kwa sababu inaungua. Gesi ya AC haiungui, inazunguka humo humo ndani. Kompresa inaisukuma, kondensa iliyopo mbele ya rejeta inaipoza mpaka inakuwa kimiminika, inapita kwenye ekspansheni valvu, kijitundu chembamba kinachoshusha presha yake, inachemkia ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la humo ndani, halafu inarudi kwenye kompresa. Ndiyo, gari la miaka mingi hupoteza gesi kidogo kidogo kupitia mipira na sili, lakini huko ni kupungua kwa miaka. Ikiisha ndani ya mwezi, pana tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta anajua kabisa kwamba utarudi, na anakuhesabu kama mshahara wake.

Na dalili mara nyingi zipo wazi. Gesi inatembea na oili, kwa hiyo ikivuja kwenye kiungo huacha utando wa mafuta ulioshika vumbi. Kwenye gari langu doa hilo lilikuwa kwenye kiungo cha paipu inayoingia kondensa. Nikalionyesha kwa kidole. Nikajibiwa, "Hayo ni mafuta ya injini, usijali." Mafuta ya injini yamefikaje mbele ya rejeta?

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. Gesi ilipopungua, swichi ya presha ikafanya kazi yake, ikakata umeme wa kompresa isijiue. Fundi akairuka hiyo swichi, akaiunganisha kompresa direkti! Eti swichi mbovu. Kompresa ikawa inazunguka na gesi haba, na gesi ikiwa haba oili nayo hairudi, basi chuma kikasaga chuma mpaka ikajam. Nikauziwa kompresa ya mtumba kutoka maduka ya mtaa wa Gerezani. Wakaifunga bila kusafisha mfumo, bila kubadili draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, wakati ile ya kwanza ilikuwa imeshatema chenga za chuma mpaka ndani ya kondensa. Ya pili nayo ikafa. Na aliyeifunga ananiambia, "Bahati mbaya, used ni kubahatisha." Bahati mbaya gani hiyo? Mmeua kompresa mbili kwa mikono yenu, na mzizi wa yote ni oringi, kijiraba cha bei ya soda.

Kazi inavyotakiwa kufanywa si siri. VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wanafundisha majokofu na viyoyozi, na wapo vijana waliosoma wakafaulu. Mfumo ukiwa mtupu unaujaza naitrojeni, unapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kuangalia panapotoa mapovu, unaangalia pia kama geji inashuka. Unaziba au unabadili kilichotoboka. Kisha unavuta vakyumu kwa pampu, nusu saa au zaidi, ili hewa na unyevu vitoke. Hapa pwani unyevu ni mwingi kuliko Arusha au Njombe, na maji yakibaki humo yanaganda kwenye ekspansheni valvu, AC inapoa dakika kumi kisha inakata. Yakikaa zaidi yanatengeneza asidi inayokula mfumo kwa ndani. Mtu anayejaza gesi bila pampu ya vakyumu anakuwekea ugonjwa mwingine juu ya ule uliokuja nao.

Halafu mizani! Nani kati yenu anapima gesi? Chini ya boneti kuna kibandiko. Hata kama maandishi mengine ni ya Kijapani, HFC-134a (ndiyo hiyo gesi ya R134a) na gramu zake zinasomeka. Gari dogo linachukua karibu nusu kilo, mengine chini ya hapo. Ninyi mnajaza kwa kushika paipu na kiganja: "Imeshapoa hiyo, kaka." Ikizidi, presha ya upande wa juu inapanda na kompresa inaumia tena.

Kuna na hili la feni. Gari linapoa vizuri Bagamoyo Road likiwa kwenye mwendo, likisimama kwenye foleni linatoa joto. Hiyo ni dalili ya feni kuchoka au kondensa kuziba vumbi, upepo haupiti. Jirani yangu wa kijiweni mwenye Noah alijaziwa gesi juu ya gesi kwa tatizo hilo hilo, mpaka paipu likapasuka. Mwingine hewa ilikuwa inatoka kwa unyonge, na kumbe filta nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria haijaguswa tangu gari lishuke bandarini, imejaa majani. Naye aliambiwa gesi.

Na hiyo gesi yenyewe ni gesi gani? Ipo mitungi ya buluu inayozunguka mjini haina lebo inayoeleweka. R134a halisi haishiki moto kirahisi. Ikichanganywa na gesi ya kupikia inapoa vizuri tu, ila sasa umembebesha abiria gesi inayowaka, na evaporeta ikitoboka inaingia humo humo alimokaa na mtoto wake. Kipimo cha haraka ni kufunga geji kwenye mtungi uliotulia kivulini. Kwenye nyuzi joto 30, R134a inasoma karibu psi 97. Ikisoma mbali na hapo, huo mtungi una kitu kingine. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe, na fundi anayenuna akiombwa, ondoa gari lako. FCC wa ushindani wa biashara na TBS wa viwango nao naomba wapite kwenye hayo maduka, maana bidhaa bandia ya namna hii siku moja itaunguza watu.

Kingine, ule mlio wa pssssh mnapofungulia gesi ya zamani iende hewani. Kilo moja ya R134a inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, hapa kwa majirani, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii. Ninyi mnazimwaga barabarani, halafu mnajaza nyingine itakayovuja mwezi ujao. Joto linazidi, na wanaolipa ni sisi.

Najua mtasema wateja hatutaki kulipa, tunataka cha bei rahisi. Hapana. Jumla ya nilichotoa kwa kujaziwa gesi, kompresa na ufundi ingetosha kuwekewa kondensa mpya, draya mpya na oringi zote, na chenji ingebaki. Hakuna hata mmoja aliyenipa hesabu hiyo ili nichague mwenyewe.

Sasa nataka fundi. Awe na naitrojeni, pampu ya vakyumu, geji nzima na mizani, na aniandikie risiti inayotaja alipoziba na gramu alizojaza. Aseme ananipa muda gani wa garantii kwenye kazi yake. Mwenye hivyo vitu ataje eneo lake hapa, Temeke, Kinondoni, Ilala, popote. Gari lipo Tabata, kesho asubuhi nalileta.