Kiti kina namba, vyenye mionzi vimeuzwa skrepa!!

Wakuu heshima kwenu, nina hasira hapa mpaka mkono unatetemeka, mnisamehe herufi.

Mi mtunza stoo kwenye ofisi moja hapa Dar, jina nalihifadhi maana bado nakula hapo. Tuko kwenye ukarabati, fundi kashusha silingi bodi yote pamoja na zile detekta za moshi za zamani, nikaokota moja kuigeuza nyuma nakuta stika imepauka, ina ile alama ya mionzi kama feni ya mapanga matatu, imeandikwa Am-241, yaani amerisiamu, metali yenye mionzi. Nikahesabu, ziko 46. Nikaziweka kwenye boksi la A4, nikapiga soltepu ya brauni nikaandika USIGUSE kwa maka pen, nikamtumia bosi meseji hizi haziendi jalalani.

Akajibu "sawa". Basi.

Jumatatu naingia boksi halipo! Mlinzi ananiambia kaja dogo wa guta kabeba na nyaya na mabati, kapima kilo. Tumepata elfu kumi na nane. ELFU KUMI NA NANE jamani.

Ofisi hiihii kiti changu kilichovunjika mgongo kina namba, stapla ina namba, mwaka jana nimekatwa mshahara kisa birika. Nafungua rejesta kutafuta detekta nakuta mstari mmoja, "vifaa vya umeme mbalimbali". Nani alizileta, zilikuwa ngapi, hakuna anayejua.

Na asije mtu kuniambia mionzi yenyewe kiduchu. Najua, ikiwa juu ya silingi haina neno, mionzi yake ni aina ya alfa, hata karatasi haipenyi. Shida ni dogo akiipasua na nyundo kutafuta shaba au wakichoma plastiki halafu avute lile vumbi, likiingia kifuani ndo hatari yenyewe, na amerisiamu hiyo mpaka ipungue nusu ni miaka 432. Goiânia kule Brazil 1987 ilikuwa mashine ya kutibu kansa, dude kubwa hazilingani kabisa, wakafa 4, ila nayo ilitelekezwa ikaishia kwa watu wa skrepa.

Nikamwambia bosi tuwapigie Tume ya Nguvu za Atomu si ndo kazi yao, kasema nisimletee serikali ofisini. Leo kaniletea fomu nisaini eti "vimeteketezwa". Sisaini, anifukuze.

Mlioko Buguruni na Tabata mkiona hilo boksi msilifungue, nichekini inboksi nalifuata mwenyewe, hiyo elfu kumi na nane narudisha.