Tupeane uzoefu: barua pepe ndefu tunazosoma kwa masikio

Mwana wa Langoni
Assalam aleikum wenzangu tusioona. Naandika moyo bado unanidunda. Tangu Alfajiri nimekaa barazani hapa Langoni, Lamu, kompyuta mapajani, hedifoni nimeitia sikio moja tu, la pili nimeliacha lisikie punda wa mchanga wanapopita. Jana usiku imeingia barua pepe kutoka kwa watu ninaowafanyia kazi ya kutafsiri. Nataka neno moja ndani yake: kazi niipeleke lini. Basi.

Nimebonyeza Insert na mshale wa chini, sauti ya kisoma skrini, ile programu inayotutamkia yaliyo kwenye kioo, ikaanza. Imenisomea majina ya watu 14 waliotumiwa, kila mmoja na anwani yake. Ikasema "picha", ikanisomea na jina la faili la hiyo picha, tarakimu na nukta zake zote. Simu, faksi, sanduku la posta. "Tafadhali fikiria mazingira kabla ya kuchapisha barua hii." Halafu onyo la siri, mistari 8. Kisha barua iliyokuwa ikijibiwa, na chini yake tena picha, simu, faksi, mazingira, siri. Kisha ile iliyoitangulia. Mara 11, nimehesabu wallahi. Tarehe nimeikuta kwenye jibu la tatu kutoka chini, imejificha ndani ya sentensi ya nauli.

Mwenye macho angetupa jicho mara moja akaipata. Sikio halitupwi. Nyinyi barua za namna hii mwazipitaje?

Bi wa Shela
Pole mwanangu. Hilo la mazingira nimelihifadhi neno kwa neno, wajukuu hunisikia nikilitamka pamoja na mashine.

Kusi wa Malindi
Mimi nashughulikia simu na barua za wageni kwenye hoteli moja hapa Malindi. Msimu wa Waitaliano ukifika, barua moja huja na lugha tatu na mkia mrefu kuliko mwili wake. Dada wa Langoni, usisome kutoka juu mpaka chini, utazeeka.

Ukiwa na NVDA, kile kisoma skrini cha bure cha Windows, na barua umeifungua kwenye kivinjari, bonyeza N. Itaruka kundi zima la viungo vya kubofya ikutue kwenye maandishi ya kawaida. Q hukupeleka mahali maneno yaliyonukuliwa yanapoanzia, yaani barua ya zamani. Ukifika hapo mara nyingi mapya yamekwisha. Ukinaswa ndani ya jedwali, bonyeza alama ya mkato utokee upande wa pili. Na kwa tarehe kama hiyo yako, Insert, Control na F kwa pamoja, andika jina la mwezi, ubonyeze Enter. Insert na F3 inakupeleka palipotajwa tena.

Ila hakikisha uko kwenye hali ya kusoma. Insert na Space hubadilisha. Siku moja nilidhani naruka kwa herufi, kumbe niko hali ya kuandika, nikaituma barua ya mgeni kwenye kumbukumbu bila kujua. Niliitafuta mpaka Magharibi.

Fundi wa Kisumu Ndogo
N iko kwenye JAWS pia, kile kisoma skrini cha kulipia. Insert na F6 inakupa orodha ya vichwa vyote vya habari, Insert na F7 viungo. Mimi JAWS nimeizoea tangu chuo na sioni kwa nini watu wanakimbilia vitu vya bure.

Kusi wa Malindi
Kaka, hicho cha bure kimeanzishwa na wasioona wenzetu. Michael Curran alikianza Australia mwaka 2006, James Teh akaungana naye, na sababu yao ilikuwa hiyo hiyo ya bei. Leseni ya JAWS ni nani hapa Malindi anailipa kutoka mfukoni mwake?

Fundi wa Kisumu Ndogo
Sijamtukana mtu. Nimesema nimeizoea, na mwajiri wangu ndiye anayelipa.

Kusi wa Malindi
Basi ushukuru, usituambie tunakimbilia.

Mwana wa Langoni
Jamani, barua. Tuzungumzie barua.

Karani wa Barani
Samahani kwa kuingilia, mimi naona. Lakini si rahisi zaidi kumpa mtu akusomee? Dakika mbili tu imekwisha.

Bi wa Shela
Karani mwanangu, nakujibu bila hasira. Mtu huyo kwangu mimi ni mjukuu wa miaka 12. Nilimpa barua ya benki anisomee, akaisoma kwa sauti ya madrasa, mamake yuko jikoni, jirani yuko dirishani. Kufikia Adhuhuri Shela nzima yajua nadaiwa kiasi gani. Na majibu ya hospitali je? Nimpe mtoto aniambie yeye nina nini? Kompyuta hii nimejifunza nina miaka 58, vidole vikikataa, ili mambo yangu niyajue mimi kwanza.

Karani wa Barani
Nimefahamu bi mkubwa. Nisamehe.

Upepo wa Mkunguni
Mimi natumia simu tu, na TalkBack, kisoma skrini cha Android. Barua ndefu kwenye simu ni kuteleza kidole mpaka ngozi iote sugu. Nilichojifunza ni kuchagua "vichwa" kwenye vidhibiti vya kusoma, kisha kidole kimoja juu na chini. Mwenye iPhone azungushe vidole viwili kama anafungua koki ya mfereji, apate hiyo hiyo. Lakini ni watu wangapi wanaotia vichwa vya kweli kwenye barua zao? Wanakoleza wino tu. Kwetu wino mkolezo si kichwa, ni maneno kama maneno mengine.

Nahodha wa Matondoni
Mimi nilikuwa napita nikisoma, lakini hilo la wino limenitonesha kidonda.

Machi 2023 niliitwa Malindi kwenye usaili wa kazi. Taasisi sitaitaja. Ilikuwa nafasi ya kufundisha watu wazima, nimeiomba mara tatu, na safari hiyo ndiyo nikaitikiwa. Barua ilikuwa ndefu, afisa mmoja kaipeleka kwa mwingine, kila mmoja kaongeza lake. Niliisikiliza yote, tena mara mbili, usiku nyumba nzima imelala. Kwenye mstari wa siku sauti ikasema: Alhamisi tarehe 16 Jumanne tarehe 14 Machi saa tatu asubuhi. Hivyo hivyo, bila kituo. Nikasema moyoni, wamegawa watu makundi mawili. Alhamisi ndiyo iliyotajwa kwanza, na Jumatano kuna jirani yangu anasafiri, atanishika mkono kwenye boti na kwenye basi. Nikachagua Alhamisi.

Mamangu alinikopea nauli kwa mwenye duka. Boti ya kwanza mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Gamba, Garsen, na kila kizuizi twashuka na vitambulisho. Nikalala kwa mama mdogo Maweni. Usiku alinipigia shati pasi ya makaa, nakumbuka ile harufu ya mvuke na mkaa, akanifunga na kifungo cha juu asubuhi kama mtoto wa shule.

Saa mbili niko mlangoni. Bawabu akaniuliza, usaili gani? Ulikuwa juzi. Nikamwambia barua ninayo, nikamfungulia simu. Akaitazama. Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kaka, hii Alhamisi imepigwa mstari katikati. Wameikata. Jumanne ndiyo wameiandika kwa rangi nyekundu."

Sauti haikunitajia mstari. Haikunitajia wekundu. Kwake Alhamisi na Jumanne zilikuwa na uzito mmoja.

Yule bawabu alinishika mkono mwenyewe mpaka ndani, akaniombea kwa maneno mazuri, Mungu amlipe. Bibi wa mapokezi akasema orodha imefungwa. Akaniuliza kwa nini sikumpa mwenye macho aisome. Nikatoka. Nilikaa karibu na gati mpaka jua likageuka, shati langu limenyooka vile vile. Mamangu nilimwambia wamesema watanipigia. Mpaka leo hajui.

Bi wa Shela
Ya Rabbi. Mwanangu.

Upepo wa Mkunguni
Nimeacha chai ikapoa. Pole sana kaka.

Mwana wa Langoni
Nilidhani mimi nina la kulalamikia. Pole ndugu yangu.

Mtetezi wa Gede
Ungewashtaki! Katiba ya 2010, Ibara ya 54, mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia habari. Imeandikwa.

Fundi wa Kisumu Ndogo
Na wakili unamlipa wewe? Mtu hana hata nauli.

Mtetezi wa Gede
Ndiyo maana wanaendelea. Tukinyamaza wataendelea. Hata barua moja ya malalamiko ina uzito, si lazima mahakama.

Upepo wa Mkunguni
Barua ya malalamiko nayo wataijibu kwa barua ndefu yenye picha juu na siri chini.

Kusi wa Malindi
Nahodha, nataka nikwambie jambo, na natamani ungelijua mwaka ule. Visoma skrini vingi havitaji mstari wala rangi mpaka uviambie. Kwenye NVDA, Insert, Control na D hufungua mipangilio ya muundo wa maandishi. Washa kutajiwa sifa za herufi. Tangu hapo maneno yaliyokatwa utaambiwa yamekatwa.

Fundi wa Kisumu Ndogo
Hapo sikubaliani. Ukiiacha wazi siku zote itakutajia mkolezo na mlazo kila maneno matatu, utaizima kwa kuudhika. Bora uiache ilivyo, na ukisikia sentensi isiyokaa sawa, kama siku mbili zimefuatana bila kiungo, peleka kishale hapo ubonyeze Insert na F. Inakueleza hayo maneno yamevaa nini. JAWS pia ni Insert na F.

Kusi wa Malindi
Kwa barua za soga sawa. Kwa barua ya kazi, ya mahakama, ya hospitali, mimi nawasha, inisemeshe inavyotaka. Kuchoka ni afadhali.

Upepo wa Mkunguni
Na mimi napunguza kasi. Barua yenye tarehe ndani yake siisikii kwa kasi ya redio.

Mwana wa Langoni
Mimi kinyume. Mara ya kwanza naipitisha mbio ili nijue umbo lake, ina majibu mangapi, jedwali liko wapi. Mara ya pili ndiyo polepole, tena kwa mshale, mstari kwa mstari. Na nikiona jina la siku, naenda neno kwa neno, Control na mshale wa kulia.

Tena barua zetu za huku zimechanganya Kiswahili na Kiingereza. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "Jumanne" hailijui neno, hulitafuna. eSpeak, programu ya kutamka maneno, ina Kiswahili, sauti yake kavu, lakini "ng'ombe" inabaki ng'ombe. Huwa nabadilisha katikati ya barua.

Karani wa Barani
Nimerudi. Nimesoma habari ya Nahodha mara mbili na nimefungua barua nilizotuma mimi mwenyewe hapa shuleni mwaka huu. Mstari wa kukata nimeutumia. Nyekundu nimeitumia sana, nikidhani nawasaidia wazazi. Kuna mzazi wetu mmoja haoni. Nifanyeje?

Kusi wa Malindi
Tarehe mstari wa kwanza kabisa. Ikibadilika, futa ya zamani, usiikate. Andika kwa maneno: "Siku imebadilika, sasa ni Jumanne."

Bi wa Shela
Na uandike kwa ufupi mwanangu. Salamu moja yatosha.

Fundi wa Kisumu Ndogo
Bi mkubwa, ufupi si dawa. Mimi nataka habari zote, ila ziwe na vichwa vya kweli vya kwenye programu, si wino mkolezo. Barua ya kurasa tano yenye vichwa naimaliza haraka kuliko ya ukurasa mmoja iliyorundikwa.

Mtetezi wa Gede
Na tangazo usilitume kama picha. Likishakuwa picha, sisi tunasikia "picha" tu.

Kusi wa Malindi
Kwenye NVDA, Windows 10 kwenda mbele, Insert na R hujaribu kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha. Yakiwa ya kuchapwa vizuri yanasomeka. Ya mkono usitegemee. Na barua ya Gmail ikizidi kilobaiti 102 hukatwa, kinabaki kiungo chini cha kuifungua nzima. Kwa hiyo sauti ikinyamaza ghafla, usidhani barua imekwisha. Bonyeza K mpaka ukipate.

Karani wa Barani
Naandika yote haya. Yule mzazi nitampigia simu leo hii, nimuulize amekosa nini.

Nahodha wa Matondoni
Ahsanteni. Kompyuta yangu ndogo haina Insert. Nitumie nini?

Fundi wa Kisumu Ndogo
Caps Lock. Ingia mipangilio ya NVDA, upande wa kibodi, uweke alama hapo. Ukikwama nipigie, nitakaa nawe kwenye simu mpaka ikubali.

Nahodha wa Matondoni
Imekubali. Ile barua sikuifuta. Nimeifungua sasa hivi, nimepeleka kishale mpaka kwenye Alhamisi, nikabonyeza. Imetaja aina ya herufi, ukubwa 11, rangi nyeusi, kisha ikasema imepigwa mstari. Nimesogea mpaka Jumanne. Nyekundu, haina mstari. Nimerudi Alhamisi. Imepigwa mstari. Nimeirudia mara nne.

Bi wa Shela
Sasa nenda ukamwambie mamako, na hiyo kompyuta uende nayo.

Nahodha wa Matondoni
Yuko uani anasuka makuti. Naenda.