Wanafunzi wangu wa hisabati wameanza kunakiliana kila nikiwapima. Nirudi kwenye jaribio la Ijumaa?

Chaki Nyeupe: Walimu wenzangu, naombeni ushauri, nimekwama. Nafundisha hisabati watoto wa miaka 12 na 13. Muhula huu nawapima kila kipindi kwa njia tofauti: leo wanainua vibao vidogo vyenye majibu, kesho kikaratasi cha swali moja kabla ya kutoka, keshokutwa nawapa hesabu iliyokosewa watafute kosa. Mwanzoni walichangamka. Sasa wananakiliana, wengine wanarudisha karatasi tupu. Nafikiria kurudi kwenye jaribio la kila Ijumaa.

Mzee wa Rula: Rudi. Sisi tulikaririshwa jedwali la kuzidisha kila asubuhi na mpaka leo tunalo kichwani. Watoto wa sasa wanabembelezwa mno.

Namba Tasa: Vibao vinainuliwa kwa mpigo? Mimi nahesabu hadi tatu, vyote juu. Nikiuliza 0.35 na 0.4 ipi kubwa, papo hapo nawaona wanaodhani ni 0.35 kwa sababu 35 inaizidi 4. Jaribio la Ijumaa litakuonyesha hilo mada ikiwa imeshapita.

Chaki Nyeupe: Kwa mpigo, ndiyo. Bado wanachungulia.

Bi Kipembe: Dada, kuna kitu hujakisema. Hizo karatasi ukishazikusanya unazifanyia nini?

Chaki Nyeupe: Nasahihisha.

Bi Kipembe: Na alama je?

Chaki Nyeupe: Naweka, kila moja juu ya 10, na zinaingia kwenye ripoti ya muhula. Bila alama hawajitumi! Wazazi nao wanataka namba, na nimeshawatangazia.

Bi Kipembe: Basi kila kipindi kimekuwa mtihani, lazima wanakili. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilinganisha wanafunzi waliopewa alama, waliopewa maoni na waliopewa vyote viwili. Waliosonga mbele ni wa maoni peke yake. Alama ilipoongezwa, faida ikapotea. Aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 usimpe sifuri. Mwulize 2/5 na 1/2 ipi kubwa. Akiona jumla ni ndogo kuliko alichoanza nacho, atashtuka mwenyewe.

Msomaji Kimya: Hii ni chai. Mwalimu gani anasahihisha karatasi za darasa zima kila siku? Na vibao anavitoa wapi?

Mzee wa Rula: Hata mimi nimetilia shaka.

Namba Tasa: Swali moja halichoshi. Gawa mafungu matatu: ameelewa, ameteleza, hajaanza. Kesho unaanzia fungu la kati.

Chaki Nyeupe: Vibao ni karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki, wanaandika kwa kalamu ya kufutika. Situngi. Swali la leo lilikuwa 3 − (−5). Wengi wameandika −2. Kuna binti kaandika 8, kaikata, kaandika −2 kama jirani yake. Ile 8 bado inasomeka. Alikuwa amepata! Kesho narudisha karatasi bila namba. Ila wazazi nitawaambia nini?

Bi Kipembe: Wapelekee karatasi mbili za mtoto wao, ya sasa na ya wiki kadhaa baadaye, swali la aina moja. Hapo watajionea mabadiliko. Na huyo binti mwulize faraghani ile 8 aliipataje, kabla hajazoea kumwamini jirani kuliko nafsi yake.