Utando wa kaboni wa nm 5: msuguano umepanda kipindi cha mvua. Ni unyevu au utando umeisha?

Iyunga_Maabara
Wakuu, habari za kazi. Nina vipande vya silikoni vilivyopakwa kaboni ngumu yenye hidrojeni, unene nm 5 (nanomita; milimita moja ina nanomita milioni moja). Navipima hapa Mbeya kwa gololi ya chuma ya mm 6 juu ya sahani inayozunguka, mzigo 1 N. Agosti kizigeu cha msuguano (nguvu ya msuguano ikigawanywa kwa mzigo) kilitulia kwenye 0.09. Januari hii, vipande vya kundi lilelile vinatoa 0.17. Ukwaruzo wa uso ni uleule, chini ya nm 0.3. Nafikiria kuvisafisha kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme) kwanza. Mnashaurije?

Tabaka
Mkuu, plazma ya oksijeni hapana! Inaunguza kaboni yenyewe, na nm 5 zinaweza kuisha ndani ya dakika chache. Tumia asetoni, kisha isopropanoli, kausha kwa naitrojeni, basi.

Mwelekeo wa namba zako ni wa unyevu. Kwenye kaboni yenye hidrojeni, mikono ya atomi za juu (nafasi zao za kuungana na atomi nyingine) imeshikwa na hidrojeni, kwa hiyo pakiwa pakavu nyuso mbili hazina cha kushikana nacho na msuguano unashuka. Ndani ya naitrojeni kavu unaweza kufika chini ya 0.01. Maji yakitanda juu, nyuso zinaanza kunatana na msuguano unapanda. Kaboni isiyo na hidrojeni hufanya kinyume: pakavu mikono yake inabaki wazi na kung'ang'ania gololi, ila kwenye hewa yenye unyevu maji huifunga na msuguano hurudi karibu na 0.1. Kwa hiyo mtu akikupa namba ya msuguano wa kaboni bila kutaja aina na unyevu, hajakupa kitu.

Gololi_mm6
Naunga mkono, ila thibitisha. Chukua kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri, weka ndani bakuli la chumvi ya mezani iliyolowa maji kama uji mzito, na feni ndogo ya kompyuta. Baada ya saa chache unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Ukitumia magnesiamu kloridi badala yake unapata 33. Pima kipande kimoja kwenye hali zote mbili, kila mara mahali papya, na uigeuze gololi: kaboni iliyohamia kwenye chuma inaharibu jaribio linalofuata. Namba ikirudi karibu na 0.09 kwenye 33, utando upo. Ukiisha, mchoro hupanda ghafla na kuanza kuyumba.

Na asubuhi za baridi, kipande kilicholala dirishani kikipelekwa moja kwa moja kwenye chumba chenye joto kinashika umande. Kiache saa moja kwanza.

Iyunga_Maabara
Asanteni sana. Nikihamia kwenye chuma kilichong'arishwa, chenye ukwaruzo wa nm 10, utando uleule utatoa namba ileile?

Tabaka
Hapana. Utando mwembamba hivyo haufuniki mabonde, unafuata umbo la kilicho chini yake. Mzigo wote utabebwa na vilele vichache, shinikizo juu yake ni kubwa, na hapo ndipo nm 5 hutoboka kwanza. Kisha chuma kinagusana na chuma. Ng'arisha mpaka ukwaruzo uwe chini ya unene wa utando, au ongeza unene.

Kumbuka pia kwamba utando wako haubebi mzigo. Kwa gololi ya mm 6 na 1 N juu ya silikoni, shinikizo la juu ni kama GPa 0.6 (gigapaskali) na mbonyeo ni nm 270 hivi, zaidi ya mara 50 ya unene wa utando. Silikoni ndiyo inayobeba. Utando unaamua tu nyuso ziteleze kwa ugumu gani kwa kila eneo linalogusana. Ndiyo maana eneo la mgusano, na msuguano unaolifuata, hukua polepole kuliko mzigo: ukipandisha hadi 8 N, kizigeu kinapaswa kushuka karibu nusu.

Gololi_mm6
Hilo la 8 N lifanye mwisho, kwenye kipande usichokihitaji tena. Shinikizo linafika GPa 1.2.